Mama Kevina, Mtetezi wa Akina Mama

1. Kilima cha Nsambya

Wanafunzi wapenzi, sisi watu wa Mususa tunaijua vema barabara itokayo Butembo kwenda Beni. Mtu akifika Beni, akageuka upande wa maawio ya jua, atavuka mto Semliki, atapita chini ya milima ya Ruwenzori, hata atafika Kasindi penye mpaka. Ng'ambo ya Kasindi ni Uganda. Huko wanakaa ndugu zetu Wakonjo, wasemao lugha iliyo karibu sawa na Kinande chetu. Wachuuzi wengi wa Butembo, wanaume kwa wanawake, huishika njia hiyo na kuendelea mpaka Kampala kununua mali.

Kampala ni mji wa vilima vingi. Kilima kimoja kinaitwa Nsambya. Juu yake kuna hospitali kubwa ya misioni, na akina mama wengi huzaa watoto wao pale. Lakini mwaka 1903 hospitali ile haikuwapo. Palikuwa na mwembe, na chini ya mwembe alikuwapo sista mmoja, bado kijana, mwenye dawa kidogo na kazi nyingi. Watu wakazoea kumwita Mama Kevina. Leo tutasoma habari za maisha yake, tuone jinsi alivyotetea haki mbili za mwanamke: haki ya kuzaa pasipo kufa, na haki ya kujifunza.

2. Yatima wa Arklow

Jina lake la kwanza lilikuwa Teresa Kearney. Alizaliwa mwezi wa Aprili 1875, karibu na mji wa Arklow, katika nchi ya Ayalandi. Ayalandi ni kisiwa cha Ulaya chenye mvua nyingi na majani mabichi, kama milima yetu ya Lubero. Siku zile watu wengi wa huko walikuwa wakulima maskini, na nchi yao ilitawaliwa na Waingereza.

Teresa hakumwona baba yake. Baba alikufa kwa ajali miezi mitatu kabla mtoto hajazaliwa. Mama yake akaolewa tena, lakini naye akafa Teresa alipokuwa na miaka 10. Basi mtoto akachukuliwa na nyanya yake, mama mzaa mama. Mzee huyo alikuwa mtu wa sala. Alimlea mjukuu wake kwa upendo, akamfundisha kumtumaini Mungu katika shida.

Nyanya naye alipofariki, Teresa alikuwa amekwisha kuwa msichana mkubwa. Alitamani sana kuwa mwalimu, lakini hakuwa na fedha ya kulipia chuo. Kwa hiyo akafanya kazi ya msaidizi wa mwalimu tu. Angalieni jambo hili, watoto. Yule ambaye baadaye aliwafungulia wasichana wengi mlango wa shule, yeye mwenyewe alikuwa msichana aliyekosa fedha ya shule. Wala hakulisahau jambo hilo maisha yake yote.

Mwaka 1895 aliingia katika utawa wa Masista Wafransiska wa Mill Hill, huko London. Mwaka 1898 akaweka nadhiri, akapewa jina la Sista Maria Kevin. Alitamani kutumwa Marekani, awatumikie watu weusi wa kule, ambao babu zao walikuwa watumwa. Lakini mashauri ya Mungu si mashauri yetu. Wakubwa wake wakamtuma Afrika.

3. Safari ya masista sita

Wakati ule Askofu Henry Hanlon, wa shirika la mapadri wa Mill Hill, alikuwa na misioni yake juu ya kilima cha Nsambya. Mapadri walifundisha dini na kusoma, lakini kazi kati ya akina mama na wasichana ilikuwa ngumu kwao. Basi Askofu akaandika barua London, akaomba masista.

Mwezi wa Desemba 1902 masista sita wakaondoka London, na Sista Kevin mmoja wao. Walisafiri kwa meli mpaka Mombasa. Toka Mombasa walipanda gari la moshi mpaka penye ziwa Victoria, kwa maana njia ya reli ilikuwa imefika huko mwaka 1901. Kisha wakavuka ziwa. Mwezi wa Januari 1903 wakafika Buganda. Sista Kevin alikuwa na miaka 27.

Waliikuta nchi katika msiba mkubwa. Ugonjwa wa malale ulikuwa unawaangamiza watu wa pwani za ziwa na wa visiwani. Katika miaka ile ya kwanza ya karne, watu zaidi ya 200,000 walikufa. Vijiji vizima vikabaki mahame. Ni mwaka ule ule 1903 mganga David Bruce alipotambua, huko huko Uganda, kwamba anayeeneza malale ni mbung'o, yule nzi aumaye. Lakini dawa nzuri ya kuuponya ugonjwa ilikuwa haijapatikana.

Masista walianza kwa vitu vidogo. Sista Kevin aliwapokea wagonjwa chini ya mwembe, akaosha vidonda, akatoa dawa za homa, akajifunza Luganda. Masista walifundisha wasichana pia kusoma, kuandika, kushona, na kutunza nyumba. Mwaka 1906 wakafungua misioni nyingine Nagalama. Mwaka 1910 Sista Kevin akawekwa kuwa mkubwa wa masista, na tangu hapo aliitwa Mama Kevin. Waganda wakalitamka kwa namna yao: Mama Kevina.

4. Mizigo ya vita

Mwaka 1914 vita vya Ulaya vikafika hata Afrika. Waingereza na Wadachi walipigana katika Afrika ya Mashariki, na maelfu ya watu weusi walichukuliwa kuwa wapagazi. Walibeba masanduku ya risasi na magunia ya chakula kwa miguu, siku nyingi, katika mvua na jua. Wengi walikufa kwa njaa na kuhara kuliko kwa bunduki. Babu zetu wa Kongo nao wameyajua mambo hayo.

Wapagazi wagonjwa waliletwa Nsambya. Mama Kevina aliwapokea na kuwauguza. Aliona kwamba watu hao walitendewa kama vyombo, si kama watu, akakasirika. Vita vilipokwisha, mwaka 1918, serikali ya Waingereza ilimpa nishani. Lakini yeye alirudi kwenye kazi iliyokuwa moyoni mwake tangu miaka mingi. Kazi hiyo ilikuwa ya akina mama.

5. Mlango uliofungwa

Ninyi mnajua kwamba mama akizaa, wakati mwingine uchungu huwa mgumu. Mtoto hulala vibaya tumboni, ama damu hutoka nyingi. Asipopata mkunga aliyejifunza, huweza kufa, na mtoto pamoja naye. Siku zile hapakuwa na wakunga wengi waliojifunza. Mwanamke alipoanza uchungu, wa kwake walihofu. Katika kila kijiji palikuwa na makaburi ya mama na mtoto.

Mtu atauliza: Mbona masista hawakuwazalisha akina mama? Jibu linatia huzuni. Sheria za Kanisa za wakati ule ziliwakataza. Wakubwa walifikiri kwamba haifai mtawa, aliyeweka nadhiri ya ubikira, asimamie uzazi. Waliweka sheria hiyo kwa kutaka kuwalinda masista, lakini waliotaabika ni akina mama. Sista aliweza kumfunga kidonda mtu aliyeumwa na chui, lakini mwanamke aliyekuwa katika uchungu wa kuzaa hakuweza kumsaidia kama mkunga.

Mama Kevina alikuwa mtawa mtii. Hakuivunja sheria. Lakini pia hakukaa akilia penye mlango uliofungwa. Alitafuta njia nyingine. Akajiuliza ni nani awezaye kufanya kazi hiyo pasipo kukatazwa, akapata majibu mawili.

La kwanza, mlei aweza. Basi akampata mganga mwanamke, Dokta Evelyn Connolly, aliyekuwa mkristu mlei, si mtawa. La pili, binti za nchi waweza. Hao ndio waliojua lugha, na desturi, na njia ya kwenda kwenye kila nyumba. Walikosa mafundisho tu. Kwa hiyo mwaka 1921 hao wanawake wawili wakafungua Nsambya chuo cha wauguzi na wakunga.

Hawakuwa peke yao katika kazi hiyo. Katika kilima cha Mengo, penye hospitali ya Waanglikana, Bibi Katharine Cook naye alikuwa akifundisha wakunga. Tuseme kweli: wema haukai katika nyumba moja tu.

Palikuwa na watu waliosema kwamba msichana hawezi kujifunza kazi ya namna hiyo. Wasichana wa Nsambya waliwajibu kwa matendo. Walijifunza jinsi mwili ulivyo, walijifunza usafi wa mikono na wa vyombo, walijifunza kutambua hatari kabla haijafika. Kisha wakatumwa kufanya kazi. Msichana ambaye zamani hakuitwa penye shauri lolote, sasa alibishiwa hodi usiku na wazee, wakimsihi aje upesi.

Fikirini maana yake. Hapo haki zile mbili zilikutana. Mama hakuweza kuokoka asipokuwapo msichana aliyesoma. Na msichana alipokwisha kusoma, kijiji chote kikaanza kumheshimu.

6. Binti za nchi

Mama Kevina aliona tena kwamba masista wa Ulaya ni wachache, na maisha yao ni mafupi. Kazi isiyoshikwa na wenyeji hufa pamoja na mgeni aliyeianza. Basi mwaka 1923 akaanzisha utawa wa masista wa Kiafrika. Walianza wasichana wanane tu. Jina lao ni Masista Wadogo wa Mtakatifu Fransisko, na nyumba yao kubwa iko Nkokonjeru.

Jambo hilo halikuwa rahisi. Katika nchi zetu msichana huhesabiwa kwa ajili ya ndoa, na wazazi hungojea mali ya mahari. Kwamba msichana akatae kuolewa, ajitoe kwa Mungu, aishike kazi ya mwalimu au ya muuguzi, wengi waliona ni ajabu, hata ni hasara. Lakini masista wale wakaongezeka. Wakafundisha shuleni, wakauguza hospitalini, wakasimamia nyumba zao wenyewe. Leo wanafanya kazi Uganda, na Kenya, na Tanzania.

Mwaka 1932 Mama Kevina alianza kuwatunza wenye ukoma mahali paitwapo Nyenga, na mwaka 1934 mahali paitwapo Buluba, karibu na ziwa. Siku zile mkoma alifukuzwa na jamaa zake, na mwanamke mkoma alikuwa na taabu kupita wote. Hapo alipata nyumba, na shamba, na mtu wa kumshika mkono pasipo kuogopa.

Kisha akaona kwamba shule za msingi hazitoshi. Kama wavulana waendelea na masomo ya juu, kwa nini wasichana wakomee katika kushona? Mwaka 1942 shule ya sekondari ya wasichana ikafunguliwa Namagunga. Wanawake wengi wenye kazi kubwa katika Uganda walipita katika shule hiyo. Mmoja wao ni mganga Speciosa Wandira Kazibwe, aliyekuwa makamu wa rais wa Uganda tangu mwaka 1994 mpaka 2003. Mama Kevina hakuiona siku hiyo, lakini ndiye aliyeipanda mbegu.

7. Mlango unafunguliwa

Na ile sheria juu ya masista na uzazi, ilikuwaje? Mama Kevina hakuwa peke yake katika kuona ubaya wake. Mganga mmoja wa Uskoti, Dokta Agnes McLaren, alikuwa ameona jinsi wanawake wa Bara Hindi walivyokufa kwa kuwa desturi yao iliwakataza kuonwa na mganga mwanamume. Akaenda Roma mara nyingi kuomba sheria ibadilishwe. Alikufa mwaka 1913 pasipo kujibiwa. Baada yake Dokta Anna Dengel, wa Austria, aliishika kazi hiyo, na mwaka 1925 akaanzisha shirika la wanawake waganga wa misioni.

Mwisho, tarehe 11 Februari 1936, Roma ilitoa barua. Masista wakapewa ruhusa ya kujifunza uganga na ukunga, na kuwazalisha akina mama. Tena Roma iliwahimiza kufanya hivyo. Mlango uliofungwa miaka mingi ukafunguliwa. Katika Nsambya kazi ilikuwa tayari. Kwa miaka 15 binti za nchi walikuwa wamekwisha kuonyesha kwamba kazi hiyo ni njema, na kwamba yaleta uzima. Wakati mwingine sheria hubadilika kwa maombi, na wakati mwingine kwa mfano. Hapa vyote viwili vilisaidiana.

8. Kufa kwake na kurudi kwake

Mwaka 1952 masista Wafransiska waliokuwa katika Afrika wakawa shirika lao wenyewe, lililojitenga na lile la Mill Hill. Jina lake ni Masista Wamisionari Wafransiska wa Afrika. Mama Kevina akawa mkubwa wao wa kwanza. Mwaka 1955, alipokuwa na miaka 80, akauacha ukubwa. Wakubwa wakamtuma Boston, katika Marekani, mahali alipotamani kwenda katika ujana wake. Hata huko hakupumzika. Alizunguka akiomba msaada kwa ajili ya misioni za Afrika.

Tarehe 17 Oktoba 1957 alikufa huko Boston, mwenye miaka 82. Mwili wake ulipelekwa Ayalandi, kwa nia ya kumzika katika nchi ya wazazi wake. Lakini wakristu wa Uganda walipopata habari, hawakukubali. Walisema kwamba Mama ni wao. Wakaomba mwili uletwe. Basi mwili wa Mama Kevina ukasafirishwa kwa ndege mpaka Uganda, ukazikwa Nkokonjeru, kati ya masista aliowalea. Ilikuwa mwezi wa Desemba 1957. Katika mwezi huo huo, miaka 55 nyuma, aliondoka London kuja kwao mara ya kwanza.

Katika Uganda jina lake limegeuka kuwa neno la lugha. Watu walipozungumza juu ya hospitali au nyumba ya kuwasaidia maskini, walisema Kevina. Na mwaka 2016, katika jimbo la Lugazi, Kanisa lilianza kuyapeleleza maisha yake, lione kama yafaa ahesabiwe kati ya wenye heri.

9. Fundisho letu

Wanafunzi wapenzi, Mama Kevina alikuwa mtu kama sisi. Alikuwa yatima, tena maskini. Alikutana na milango iliyofungwa, na mmoja ulifungwa na wakubwa wa Kanisa lake mwenyewe. Hakuwatukana, wala hakukata tamaa. Aliwaweka binti za nchi mbele, akawapa elimu, na kazi yao ikawatetea kuliko maneno.

Sasa tujitazame sisi. Katika Butembo, akina mama ndio wanaobeba mizigo ya kuni na mihogo, ndio wanaokaa sokoni tangu asubuhi, ndio wanaolisha nyumba nyingi. Hata hivyo, kuna nyumba ambamo fedha ikipungua, kaka huendelea na shule, na dada huachishwa. Baba husema kwamba binti ataolewa tu. Asiyesema hivyo kwa mdomo, mara nyingine husema moyoni.

Wewe mvulana, dada yako akiachishwa shule, usifurahi kwamba wewe umebaki. Chota maji wewe, tafuta kuni wewe, ili naye apate nafasi ya kusoma. Siku moja mke wako atakuwa katika uchungu wa kuzaa, na utabisha hodi kwa mkunga. Mkunga huyo ni msichana wa nani? Ni dada ya mtu ambaye hakuachishwa shule.

Na wewe msichana, usione haya kuipenda elimu. Ukiambiwa kwamba kazi fulani si ya wanawake, wakumbuke wasichana wa Nsambya wa mwaka 1921. Waliitwa usiku, wakaenda na taa, na asubuhi mama na mtoto walikuwa hai.

Maulizo

1. Mama Kevina alizaliwa katika nchi gani? Nani alimlea baada ya mama yake kufa?
2. Kwa nini Teresa hakuweza kwenda katika chuo cha walimu?
3. Masista walikuta ugonjwa gani mkubwa Uganda mwaka 1903? Ni mdudu gani anayeueneza?
4. Sheria ya Kanisa ya wakati ule iliwakataza masista kitu gani? Mama Kevina alifanya nini pasipo kuivunja?
5. Kwa nini Mama Kevina alitaka kazi ishikwe na binti za nchi?
6. Mwulize mama yako, au mama mzee wa jirani, jinsi akina mama walivyozaa zamani katika kijiji chake. Andika mistari mitano juu ya yale aliyokueleza.